Simu imejiapdeti usiku, asubuhi huijui: fanya hivi

Nina kibanda cha saiba hapa Amu, yaani Lamu mjini, upande wa Langoni, printa moja, laptopu mbili na kiti kimoja cha plastiki cha mteja. Kazi yangu ni kuchapa na kuprinti, lakini kusema kweli nusu ya wanaoingia mlangoni hawana cha kuprinti, wanakuja na simu mkononi na swali ni lilelile kila siku, hii imefanywa nini? Jana ilikuwa sawa, usiku imewekwa chaji na waifai iko wazi ikajiapdeti yenyewe, asubuhi batani zimehama, rangi si zile, na kile alichokuwa akikibonyeza macho yamefumba hakipo. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, ndo maana naandika hii mara moja, ukikwama isome, ukikwama zaidi njoo na simu yenyewe.

Kabla ya hatua zenyewe acha nitoe kitu kifuani. Watu wanaingia hapa wakiomba msamaha, ati mimi na hizi simu hatuelewani, nimeshakuwa mtu mzima. Hapana bana, mpaka jana mlielewana vizuri sana. Zijue zidaka za nyumba za kale hapa mjini, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, kila kidaka na chombo chake, bibi huingia gizani akachukua bakuli lake bila taa kwa sababu mkono unajua pa kwenda. Sasa aje mke wa mjukuu apange zidaka zote upya, apange vizuri vipendeze, bibi usiku atie mkono atoe chupa ya mafuta ya taa badala ya asali. Utasema bibi amesahau nyumba yake? Nyumba ndo imehamishwa akiwa amelala.

Na wakubwa wenyewe wanaozitengeneza wanajua wanakosea. Windows 8 ya kompyuta ilipotoka Oktoba 2012, Microsoft waliiondoa ile batani ya Start ya pembeni chini, ambayo watu walikuwa nayo tangu Windows 95, yaani miaka 17 mkono unaenda palepale, halafu siku moja hakuna kitu, kuna vigae vya rangi tu. Kelele zilizopigwa! Oktoba 2013 wakairudisha batani kwenye 8.1, na 2015 kwenye Windows 10 wakairudisha menyu yake pia. Kwa hiyo ukikasirika hauko peke yako na wala hasira yako si ushamba.

Haya, tuingie.

Hatua ya kwanza: weka simu chini

Nasema kweli, iweke chini. Kwa ninavyoona hapa, apdeti ilihamisha vitu viwili na mwenyewe kwa hofu akahamisha kumi. Anabonyeza huku, anavuta kule, anafuta ikoni, anaiweka hali ya ndege bila kujua kisha analalamika hapati netwaki, kuna mmoja alifika hapa simu yake iko kwa lugha ambayo mimi na yeye hatukuweza kuisoma hata herufi. Ukishaanza kubonyeza ovyo hutajua tena kipi kimeletwa na apdeti na kipi umekileta wewe. Kunywa kahawa kwanza, simu haiendi popote.

Hatua ya pili: andika kazi zako tano

Hii ndo siri yenyewe na watu wengi wanairuka. Usijaribu kujifunza ile sura mpya yote, huna haja nayo. Chukua karatasi uandike mambo matano unayoyafanya kila siku na hiyo simu au kompyuta, tano tu. Kwa watu wengi hapa huwa ni kupokea na kupiga simu, kutuma pesa, WhatsApp, kamera, na labda redio au Kurani. Kwa mwalimu mwenye laptopu ni kufungua faili, kusevu, kuprinti, kutengeneza jedwali na kutuma imeili. Halafu tafuta hizo tano tu ziko wapi sasa. Ukizipata umemaliza, yale mambo mengine mia utakutana nayo njiani siku ukiyahitaji, na mengine hutayahitaji mpaka simu ife.

Karatasi usiitupe. Mbele ya kila kazi andika pa kupitia, kwa mfano kamera = bonyeza batani ya pembeni mara mbili. Ibandike ukutani au uikunje ndani ya kava ya simu.

Hatua ya tatu: tafuta kwa jina, usitafute kwa mahali

Vitu vinahama lakini majina huwa hayahami sana. Ukienda setingi ukaanza kutafuta kwa macho utazunguka mpaka alasiri, maana kila apdeti inapanga upya vyumba. Badala yake angalia juu pale, kuna alama ya lenzi ya kutafutia, ibonyeze uandike unachotaka: ringtone, font, battery, ikishakuletea ndo unaenda moja kwa moja. App ikipotea kwenye skrini vivyo hivyo, pandisha kidole kutoka chini app zote zifunguke halafu andika jina lake, mara nyingi haijafutika, imehamishwa tu kwenye folda. Kwa kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, usiguse mausi, anza kuandika tu, jina la programu au la faili litatokea. Na kwenye Word na Excel mpya bonyeza Alt na Q, kinatokea kisanduku cha kuuliza, unaandika margins au header, kinakupeleka.

Tatizo moja hapa ni lugha. Simu ikiwa kwa Kiingereza tafuta kwa Kiingereza, ikiwa kwa Kiswahili tafuta kwa Kiswahili, hapo hakuna Settings kuna Mipangilio. Mimi naipenda lugha yangu lakini simu zangu ziko kwa Kiingereza, kwa sababu ukienda YouTube kutafuta msaada kila mtu anaonyesha kwa Kiingereza na wewe unabaki kulinganisha picha na picha.

Hatua ya nne: jua vitufe ambavyo havihami

Hii ni ya wenye kompyuta. Kuna asubuhi moja, kabla ya saa mbili, aliingia jamaa mbio na flashi, barua mbili na nakala ya cheti, boti ya kwenda Mokowe inamsubiri na basi la Mombasa liko ng'ambo linajaza, mpwa wake anamwita kutoka gatini. Nafungua ile programu ya kuchapia, kumbe usiku ilijiapdeti. Juu kote kumepangwa upya. Pale printa ilipokuwa kuna picha ya wingu. Nikabonyeza wingu, likaniuliza paswodi. Nikarudi nikabonyeza vidoti vitatu, ikafunguka menyu ndefu ina kila kitu duniani isipokuwa kuprinti. Jasho linanitoka na feni iko kichwani. Jamaa ananiambia, "Kaka, basi litaniacha." Hapo mkono wenyewe, si mimi, ukaenda Ctrl na P. Dirisha likaja, printa ikaanza kulia, karatasi zikatoka. Shilingi thelathini, akaacha hamsini na hakungoja chenji.

Tangu siku ile nimebandika karatasi juu ya printa. Ctrl+P kuprinti. Ctrl+S kusevu. Ctrl+Z kurudisha ulichoharibu, hii ndo mama yao. Ctrl+F kutafuta neno ndani ya waraka. Ctrl+C na Ctrl+V mnazijua. Hizi zimevuka kila mabadiliko. Hata 2007 Microsoft walipoondoa menyu za zamani kwenye Word wakaweka ule utepe mpana wa juu wenye mapicha, waliokuwa na Ctrl zao mkononi waliendelea na kazi, waliokuwa wanategemea macho ndo waliosumbuka miezi.

Na kwa kuwa nimetaja utepe, ukiamka siku moja umepotea wote, juu hakuna kitu, yamebaki majina tu, hujaharibu Word na usiifute ukaiweka upya kama alivyofanya rafiki yangu mmoja akamaliza bando. Bonyeza Ctrl na F1. Unarudi.

Hatua ya tano: rudisha kinachorudishika

Si kila kitu kinarudi kama zamani, lakini vingi wameacha mlango mdogo wa nyuma, hawakuambii tu. Nitataja vile vinavyoletwa hapa mara nyingi.

Kupokea simu. Hii ndo iliyosumbua watu kuliko zote, ya mwaka 2025. Simu nyingi za Android ulikuwa unapokea kwa kusukuma kidole juu, kukata unasukuma chini. Siku moja ikawa kulia na kushoto, na wengi hawakuona hata ikiapdeti, maana mabadiliko kama haya app yenyewe huwa tayari inayo ndani, Google wenye app wakayawasha kutoka huko kwao. Shangazi yangu yuko Shela, anaishi peke yake, binti yake yuko Malindi humpigia kila baada ya Isha. Siku hiyo simu inalia, yeye anasukuma juu, haipokei, anasukuma tena, inalia mpaka inanyamaza. Inalia tena. Mara saba. Kule Malindi binti ashaanza kulia, anadhani mamake ameanguka, akanipigia mimi usiku saa tatu, nikachukua tochi na kukodi boti mpaka Shela, nafika namkuta shangazi amekaa kitandani simu iko kwenye mapaja anaiangalia kama mtu anayeangalia paka aliyemuuma. Akaniambia, "Simu hini imengiliwa ni nini? Ndoo uitazame." Yaani simu hii imeingiwa na nini, njoo uitazame.

Dawa yake: fungua app ya kupigia simu, ingia kwenye menyu yake, nenda setingi za app hiyo (si setingi za simu nzima), tafuta palipoandikwa Incoming call gesture. Utakuta njia mbili, ya kusukuma kulia na kushoto, na ya kubonyeza tu, yaani batani mbili, moja ya kupokea na moja ya kukata. Kwa wazee nachagua ya kubonyeza bila kufikiria mara mbili. Kwa mtu anayeweka simu mfukoni ikiwa inalia, hiyo ya kubonyeza inaweza kupokea yenyewe, achague kusukuma.

Batani tatu za chini. Simu mpya nyingi zinakuja bila zile batani za kurudi, nyumbani na app za nyuma, wanataka ukokote vidole pembeni. Kama hutaki huhitaji kubishana nayo, andika navigation kwenye ile lenzi ya setingi, utapata pa kuchagua batani tatu. Kwenye Samsung iko chini ya Display, inaitwa Navigation bar.

Samsung tena, waliopata One UI 7 mwaka 2025, ile apdeti ya sura ya simu za Samsung: ukishusha kutoka juu, upande wa kulia zinakuja swichi za waifai na tochi, ukishusha sehemu nyingine zinakuja meseji na taarifa, na zamani zote zilikuwa pamoja. Shushia kulia, bonyeza kalamu, halafu Panel settings, chagua Together. Kwisha.

Windows 11, ikoni zimekaa katikati kama zimeitwa kikao: bonyeza kulia kwenye ule mstari wa chini, Taskbar settings, kisha Taskbar behaviors, chagua Left. Na ile menyu fupi ya kubonyeza kulia ambayo imeficha nusu ya mambo, shikilia Shift ndo ubonyeze kulia, inakuja ile ndefu ya zamani.

Hatua ya sita: kurudisha apdeti nzima nyuma, na hapa polepole

Watu wanaipenda hii hatua ndo maana nimeiweka mbali. App zilizokuja na simu kutoka kiwandani zinaweza kurudishwa nyuma: setingi, Apps, chagua app, vidoti vitatu juu, Uninstall updates. Lakini soma kile inachokwambia kabla ya kubonyeza OK, huwa inasema data ya app hiyo itafutwa, na inamaanisha. Kama ndani kuna kitu chako ambacho hakiko mahali pengine, acha. App ulizopakua mwenyewe hazina njia hiyo, ukifuta ukaiweka upya unapata ileile mpya. iPhone nayo ukishapanda usitegemee kushuka. Kompyuta ya Windows ukipandisha toleo zima una siku 10 za kujuta, setingi, System, Recovery, utaona Go back, zikipita batani inalala.

Na usichukue toleo la zamani la app kutoka kwenye linki uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Hata akikutumia mtu unayemjua. Hasa app ya benki au ya pesa, hapo unampa mwizi ufunguo na unamfungulia na mlango. App ya pesa ikikuchanganya na una haraka, M-Pesa bado unaweza kupiga *334# ukafuata namba, ila soma kila mstari usibonyeze kwa mazoea, na PIN yako usimpe hata mimi.

Hatua ya saba: jiandae kwa ijayo

Itakuja tu. Kwa hiyo leo, simu ikiwa bado unaijua, piga skrinshoti za kurasa zako za mwanzo na za menyu unazozitumia, kumi zinatosha, mtumie mtu mmoja wa nyumbani ili hata simu ikikorogeka kuna ramani mahali. Pili zima kujiapdeti kwa zile app mbili tatu unazofanyia kazi: Play Store, ifungue hiyo app, vidoti vitatu juu, toa tiki kwenye Enable auto update. Kompyuta ya kazi unaweza kuisimamisha, setingi, Windows Update, Pause, mpaka wiki 5, na ukiweka intaneti yako kuwa Metered, yaani ya kuhesabiwa, apdeti nyingi hazitashuka bila ruhusa, hii inaokoa bando pia, sisi tunaotumia hotspoti ya simu tunaijua thamani yake.

Ila sisemi usiapdeti kabisa. Apdeti zimechanganywa, kuna za sura na kuna za kuziba matundu ya wezi, na bahati mbaya mara nyingi zinakuja kwenye gunia moja. WhatsApp ukiiacha izeeke sana inakataa kufanya kazi. Mimi nachofanya ni kuapdeti siku ninayotaka mimi, Ijumaa baada ya kufunga kibanda, si Jumatatu asubuhi wanafunzi wa kuprinti fomu wamejipanga mpaka njiani na punda wanapita katikati yao. Kama kuna kitu kimehama nina usiku mzima wa kukitafuta.

Ukimsaidia mzee

Usimnyang'anye simu. Najua inauma kumwangalia, kidole kinaelea juu ya skrini dakika nzima, lakini ukiichukua ukamtengenezea haraka haraka umejifunza wewe, yeye hajajifunza kitu na kesho atakuita tena. Mwache abonyeze mwenyewe, wewe sema tu, kulia, hapo, ndio. Arudie mara tano. Usimwambie ni rahisi, hakuna neno linalomuudhi mtu kama hilo wakati kitu si rahisi kwake.

Na mwekee watu wake kwenye skrini ya kwanza: shikilia mahali patupu, Widgets, Contacts, Direct dial, chagua binti, chagua wewe, chagua jirani. Inakaa sura ya mtu, akiigusa inapiga. Hapo app ya simu ihame wanavyotaka, yeye haingii huko.

Shangazi nilimwekea sura tatu na nikamwekea ya kubonyeza kupokea. Usiku uleule tulifanya mazoezi, mimi nimesimama barazani nampigia, yeye ndani anapokea, nampigia tena, anapokea, majirani wanatusikia tunasalimiana kupitia ukuta mmoja. Anapokea vizuri sasa hata kabla haijalia mara mbili. Shida iliyobaki ni kukata, hakati, anaiweka simu kitandani akijua maongezi yameisha, na binti kule Malindi anabaki anasikiliza mamake akiwagombeza kuku mpaka salio linakwisha. Hiyo haikuletwa na apdeti, alikuwa hivyo tangu simu ya kubonyeza namba.